Injini Mbili, Mikono Minne

 Mwezi huu tunataka kuwaeleza kitu tulichokifanya nyumbani kwetu kwa muda wa majuma matano. Tumejenga ndege. Msicheke kwanza. Ni ndege ndogo, mabawa yake sentimita 40, na inaendeshwa na vimpira vile vile ambavyo wenye vibanda vya kutuma pesa wanafungia noti. Lakini ina injini mbili, na inaruka kweli. Majirani ni mashahidi.

Tunaandika kwa sababu watoto wengi wametuuliza tumeifanyaje. Na wakubwa wametuuliza swali gumu zaidi: wakati huu mgao umepungua, ndege ya kuchezea ni ya nini? Maswali yote mawili tutayajibu. La pili litachukua muda kidogo, mtuvumilie.

MFUKO CHINI YA KITANDA

Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 14. Mwaka 2024 tuliitwa kwenye mahojiano, tukapimwa afya, tukaambiwa tujiandae kwa safari. Yeye akasema, "Shule ya hapa nimalizie nini? Nitasoma huko." Akaacha kwenda. Sisi wazazi, tuseme ukweli, hatukumkaza. Nasi tulikuwa tumeanza kuuza vyombo: meza, masufuria mawili, na mbuzi wetu mmoja. Basi mwanzoni mwa 2025 nchi iliyokuwa itupokee ikasimamisha mpango wake, na safari yetu ikafutwa pamoja na za wengine wengi. Hadithi hiyo mnaijua, maana ni ya nyumba nyingi hapa.

Mfuko wake alikuwa ameshaufunga. Akakataa kuufungua. Alivaa nguo mbili tu kwa zamu, nyingine zote zilibaki mfukoni chini ya kitanda. Ndege yoyote ikipita juu alitoka nje, akaiangalia mpaka ipotee. Koko naye, yaani bibi yao, akisikia ndege anaingia ndani na kuziba masikio. Kwake yeye ndege ni vita. Nyumba yetu ikawa hivyo: sauti ni moja, mmoja anatoka mbio, mwingine anaingia mbio.

Siku moja dada yake mdogo, wa miaka 11, akamwambia, "Yaya, kama ndege haiji, si tutengeneze ya kwetu?" Alisema kwa mchezo. Kijana hakucheka. Alifikiri kidogo, akajibu, "Sawa. Lakini ya injini mbili. Ya injini moja kila mtoto anaweza."

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

KWA NINI TULICHAGUA LET

Sisi tulitoka upande wa Bukavu. Kule wengi wanaijua ndege iitwayo Let 410, ile fupi nene yenye mabawa juu ya mwili na propela mbili. Ilitengenezwa Czechoslovakia, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1969, na inabeba abiria 19. Tulikuwa tukiziona zinapanda kutoka uwanja wa Kavumu kwenda Shabunda, ambako barabara ilikuwa mbaya hata chumvi na sabuni zilifika kwa ndege. Kule Walikale ndege ndogo za mizigo zilitua juu ya lami ya barabara, pale Kilambo, watu wakisogea pembeni.

Ndege yenye injini mbili ina faida yake. Injini moja ikizimika angani, ya pili inaweza kuifikisha uwanjani. Ndiyo maana hata yale madege makubwa ya Entebbe, yanayovuka bahari, mengi yana injini mbili. Lakini kwa anayejenga ndege ya mpira, injini mbili ni matatizo mawili. Kila injini ina mpira wake na propela yake, na zote mbili lazima zivute sawasawa. Moja ikivuta zaidi, ndege inajizungusha na kuanguka. Hilo tulijifunza kwa kuvunja vitu, kama mtakavyoona.

Kipimo tulichagua 1 kwa 50. Maana yake mita moja ya ndege ya kweli inakuwa sentimita 2 kwetu. Mabawa ya Let yana karibu mita 20, basi yetu sentimita 40. Mwili una mita 14 na nusu hivi, basi wetu sentimita 29. Kijana alitaka kujua na ile Airbus A330-800 ya Uganda Airlines, yenye mabawa ya mita 64, ingekuwaje kwa kipimo hicho hicho. Akapiga hesabu kwa mkaa ukutani: sentimita 128. Akasema, "Hiyo haitapita mlangoni." Ilikuwa hesabu yake ya kwanza katika miezi mingi.

MPIRA NA HABARI ZAKE

Ndege ya mpira si mchezo wa jana. Mwaka 1871, kwenye bustani moja ya Paris, kijana Mfaransa aitwaye Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo ya mpira uliosokotwa. Ilikaa hewani sekunde 11, na watu wakashangaa. Mwaka 1878 baba mmoja kule Marekani, askofu Milton Wright, aliwaletea watoto wake kitu kingine cha kuruka cha namna hiyo, kilichotengenezwa kwa mwanzi, koki na karatasi, kikizungushwa na mpira. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville. Walikichezea mpaka kikavunjika, wakajitengenezea vingine. Walipokua wakawa mafundi wa baiskeli, na tarehe 17 Desemba 1903 wakarusha ndege ya kwanza yenye injini iliyobeba mtu. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12 tu, mita 36 hivi.

Kitu kimoja cha ndege yao kilitusaidia sana. Ilikuwa na injini moja lakini propela mbili, zikizungushwa kwa minyororo kama ya baiskeli. Mnyororo mmoja waliupitisha kwa kuukatiza mfano wa namba 8, ili propela moja izunguke kulia na nyingine kushoto. Tulipolisoma hilo tulilipita tu. Baadaye tulilirudia kwa heshima.

Koko aliposikia tunazungumzia mpira, alisema neno ambalo hatukulitegemea. "Mpira ulikula watu wetu." Ni kweli. Wakati Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuanzia 1885 mpaka 1908, watu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira msituni. Wanawake walishikwa mateka ili waume walete mzigo, na kuna waliokatwa mikono. Mpira ule ulikwenda Ulaya na Marekani kuwa magurudumu ya baiskeli na ya magari. Tuliona vema watoto walijue hilo kabla ya kusokota kampira kao. Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Koko, basi tuache?" Akajibu, "Hapana, bwana wangu mdogo. Sasa uko mkononi mwako. Usokote wewe."

VITU TULIVYOPATA HAPA, NA VYA MBARARA

Wanaojenga ndege hizi kwenye nchi nyingine wanatumia mti uitwao balsa, unaotoka Amerika ya Kusini, mwepesi sana. Sisi hatuna balsa. Tuna ziwa. Mafunjo ya Ziwa Nakivale, yale ambayo akina mama wanasukia mikeka, ndani yana nyama nyeupe laini, na ikikauka haina uzito wowote. Ganda lake la kijani likikauka ni gumu na jepesi. Mashina matano yalitosha, hakuna haja ya kufyeka.

Hapa ndipo Koko aliingia kazini bila kuitwa. Watoto walianika mafunjo juani, yakapinda na kupasuka. Aliwatazama siku mbili, uvumilivu ukamwishia. "Nani aliwaambia mafunjo yanaanikwa juani? Kivulini! Yalazwe, yasisimamishwe, na kila siku yageuzwe." Amesuka mikeka miaka mingi, vidole vyake vinajua. Tangu siku hiyo akawa fundi mkuu wa mabawa.

Mmoja wetu alikuwa na safari ya hospitali Mbarara, na kijana akampa karatasi ya vitu vya kutafuta. Kwenye duka moja karibu na soko kuu aliomba karatasi nyepesi kabisa ya kufungia zawadi. Muuzaji akauliza, "Nyabo, unafunga zawadi ya nani?" Alipojibiwa kwamba ni ya kufunika mabawa ya ndege, alicheka sana, kisha akaongeza karatasi ya pili bure. Vitu vingine vilikuwa gundi nyeupe ya mbao, pakiti ya vimpira, na makopo matupu ya yogati. Kama mnavyojua, Mbarara ni mji wa maziwa, makopo ya yogati hayakosekani. Aliyaokota mgahawani, akayaosha, akayabeba. Kwenye taksi ya kurudi abiria walidhani anaanza biashara.

JINSI YA KUJENGA

Watoto, hapa ndipo penu. Wembe utumike na mtu mkubwa akiwapo.

1. Mchoro. Chukua karatasi ya mfuko wa simenti, uipige pasi au uilaze chini ya godoro. Chora ndege yako kwa ukubwa wake kamili. Kila kitu kitajengwa juu ya mchoro huo.

2. Mwili. Kwa ndege ya kwanza usifanye mwili wa mviringo, utachoka. Fanya mwili bapa: fremu ya vijiti vya mwanzi vilivyochanwa vyembamba kama njiti ya kiberiti, urefu sentimita 29, uifunike karatasi pande zote mbili. Madirisha chora kwa kalamu. Ikitazamwa kwa ubavu ni Let kabisa.

3. Bawa. Vijiti viwili virefu vya ganda la mafunjo, kimoja mbele, kingine nyuma, na kati yao mbavu za nyama ya mafunjo zilizokatwa kwa wembe, zenye mgongo kidogo kwa juu. Bawa la Let ya kweli ni jembamba. Kwa kipimo chetu lingekuwa sentimita 3.5 tu. Sisi tuliweka 6, maana ndege ndogo inahitaji bawa pana. Mkia nao tuliukuza kidogo. Nchi mbili za bawa ziinue sentimita 3 kila upande, ili ndege ikiinama ijirudishe yenyewe. Karatasi bandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, kisha nyunyiza maji kidogo sana; ikikauka inajivuta na kukaza kama ngoma.

4. Injini. Kila injini ni kijiti kigumu cha mwanzi, sentimita 18, kilichofungwa chini ya bawa. Mbele kinatokeza kubeba propela, na nyuma kina kulabu ya kushika mpira. Katikati ya mwili mpaka injini ni sentimita 7 na nusu, ili propela isigonge mwili. Katika Let ya kweli injini ni fupi na zimekaribiana zaidi, lakini mpira unataka urefu na propela inataka nafasi. Hapo tulidanganya kipimo, na tunakiri.

5. Propela. Chora kwenye ubavu wa kopo la yogati majani mawili, kila moja urefu sentimita 4, yakiwa yameinama digrii 15 hivi kutoka mstari uliosimama. Ukikata, jani linatoka limejipinda lenyewe, kwa sababu kopo ni mviringo. Yabandike kwenye kijiti kifupi, moja huku, moja huku. Jumla iwe sentimita 9. Kwa propela ya pili inamisha majani UPANDE MWINGINE. Kwa nini, tutaeleza.

6. Ekseli. Nyosha kibanio cha karatasi, upitishe waya wake kwenye kipande cha mrija wa kalamu ya biki kilichofungwa mbele ya kijiti. Kati ya propela na mrija weka ushanga mmoja mdogo na tone la mafuta ya kupikia. Ushanga unapunguza msuguano. Nyuma ya waya pinda kulabu.

7. Mpira. Watoto walianza kwa kukata vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu fundi wa baiskeli anavitupa. Haikufaa. Tyubu nyingi ni mpira wa kiwandani ambao ukiuvuta unarudi kwa uvivu, haukurudishii nguvu yote uliyouwekea. Vimpira vya kufungia noti, vya utomvu wa kweli, ni bora zaidi. Viunganishe kama mnyororo, idadi ileile kila upande, vyote kutoka pakiti moja. Usivipake Vaseline, maana inatokana na petroli na inaharibu mpira. Paka povu la sabuni lenye gliserini kidogo, vitateleza bila kukatika upesi.

8. Uzito. Mizani ya dukani haioni gramu. Sisi tulitundika kijiti kwa uzi katikati, upande mmoja ndege, upande mwingine kifuniko cha chupa. Tukaweka maji kwa sirinji mpya isiyo na sindano, tukihesabu. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Yetu ilifika gramu 18. Ikizidi 25, tafuta wapi umemwaga gundi nyingi.

9. Kitovu cha uzito. Shika ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, theluthi moja kutoka ukingo wa mbele. Inatakiwa itulie. Ikianguka mkia, bandika udongo wa kichuguu puani, kidogo kidogo, mpaka itulie.

TULIVYOANGUKA

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuteleza tu, bila kusokota mpira, juu ya majani marefu. Ndege ikinyanyua pua, ikasimama, kisha ikapiga magoti, ongeza udongo puani. Ikichimba chini moja kwa moja, punguza. Hilo tulifaulu jioni moja.

Jaribio la pili tulisokota. Watoto wa majirani walijaa. Ndege ilitoka mkononi, ikalala kushoto, ikajipindua na kupiga chini kwa bawa. Sekunde mbili, hazikufika tatu. Mbavu nne zimevunjika. Watoto walicheka vile watoto wanavyocheka, na kijana wetu akaenda ndani, akalala akiangalia ukuta. Tuliogopa kwamba tumemwongezea jambo lingine la kuharibika mbele ya macho yake.

Asubuhi tulimkuta na kile kitabu cha zamani, ukurasa wa akina Wright. "Mnyororo wa namba nane," akasema. Propela zetu zote mbili zilikuwa zinazunguka kulia. Propela ikizunguka kulia, mwili wa ndege unasukumwa kushoto. Zikiwa mbili upande mmoja, msukumo unakuwa mara mbili. Zikizunguka kinyume, moja inafuta ya mwenzake. Kwa hiyo akakata propela mpya kwenye kopo lingine, majani yameinama upande wa pili. Koko akatengeneza mbavu nne.

Jaribio la tatu ilipanda vizuri, kisha ghafla ikaanza kujizungusha kama kuku aliyekatwa kichwa. Injini ya kulia ilikuwa imeisha mapema, ya kushoto bado inavuta. Kumbe upande mmoja tulisokota mara 120, mwingine mara 95, kwa sababu waliokuwa wanahesabu walikuwa wanagombana. Tuligundua pia kwamba ushanga mmoja ulikuwa na mchanga. Basi tukaweka sheria: anayehesabu ahesabu kwa sauti, na wote wanyamaze. Tena tukaelekeza pua za injini nje kidogo, kila moja upande wake, kama mtu anayesimama miguu imefunguka. Hivyo injini moja ikiisha kabla ya mwenzake, mvuto wa iliyobaki unapita karibu zaidi na katikati ya ndege, na haijizungushi vibaya.

MIKONO MINNE

Ndege ya injini moja, mtoto mmoja anasokota, anarusha. Hii haiwezekani. Ukimaliza kusokota ya kulia, lazima mtu aishike wakati unasokota ya kushoto, la sivyo inajifungua yote. Na wakati wa kurusha, mmoja anashika propela zote mbili, mwingine anashika mwili. Wa kwanza anaachia zote mbili kwa pamoja, wa pili anaisukuma mbele taratibu, papo hapo. Mmoja akichelewa, imeanguka.

Jumapili moja jioni upepo ulipotulia, tulitoka tena. Dada mdogo alikuwa na homa. Kijana akasimama uwanjani na ndege yake na hakuna wa kushika propela. Marafiki zake wa zamani walikuwepo, lakini walikuwa wenye kucheka siku ile, hakutaka kuwaomba. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Akainuka. Akaja na kitenge chake, pole pole, mpaka katikati ya uwanja. Akauliza, "Nashika wapi?"

Akashika. Vidole vyake havitetemeki kwenye mafunjo, lakini pale vilitetemeka kidogo. Kijana akahesabu kwa sauti, 120 kulia, 120 kushoto. "Koko, nikisema tatu." Moja, mbili, tatu.

Ikaenda. Ikapanda juu ya kamba za nguo, propela mbili zinavuma kama nyuki, ikageuka kushoto kidogo, ikaona jua kwenye karatasi yake, ikateremka taratibu na kukaa kwenye majani ya viazi ya jirani. Dada yake alihesabu kutoka dirishani: sekunde 8. Pénaud wa Paris alipata 11, bado tuna deni la sekunde 3. Wale vijana waliocheka walikimbia kuileta. Waliileta wakiishika kama yai.

KUHUSU LILE SWALI LA PILI

Sasa turudi kwa wakubwa waliouliza ndege hii ni ya nini. Hailiwi, ni kweli. Iligharimu shilingi chache tu, na nyingi zilikwenda kwenye gundi. Hatutawadanganya kwamba imetuondolea matatizo. Mfuko wa kijana bado uko chini ya kitanda. Koko naye, ndege ya kweli ikipita, bado anaingia ndani, ila sasa haingii peke yake, mmoja wa watoto anamfuata na kukaa naye.

Lakini muhula ulipofunguliwa, kijana aliuliza kama yunifomu yake ya zamani bado ipo. Ilikuwepo, mfukoni, chini kabisa. Ili kuifikia alilazimika kutoa nguo zote. Alirudisha nusu. Nusu ziko kwenye kamba sasa. Amekaa darasa moja na watoto wadogo kwake, na si rahisi. Mwalimu wa hesabu alipofundisha vipimo vya ramani, aliuliza nani anaweza kueleza maana ya 1 kwa 50. Mnajua nani alinyoosha mkono.

Kama safari itakuja, tutakwenda. Kama haitakuja, tutakuwa tumefanya kitu siku hizi, hatukukaa tu kutazama juu. Hilo ndilo jibu letu.

Jumamosi jioni, upepo ukitulia, mtatukuta uwanjani. Leteni makopo yenu ya yogati na vimpira vyenu. Mbali na barabara ya bodaboda, tafadhali, na usisogeze uso karibu na mpira uliosokotwa, ukikatika unaumiza jicho. Tena msije mmoja mmoja. Njooni wawili wawili, kwa sababu hii ndege inataka mikono minne.